Sahani ya Bluu Hairudi Tupu

Bupe ana miaka sita. Anaishi Tukuyu, kwenye nyumba yenye mlango wa kijani.

Tukuyu kuna mvua nyingi. Kuna mvua ya asubuhi. Kuna mvua ya mchana. Halafu kuna mvua nyingine, ya kumalizia siku.

Tii, tii, tii, inasema mvua juu ya bati.

Nyuma ya ua anaishi jirani yao, Babu Asajile. Si babu yake Bupe wa kuzaliwa. Lakini Bupe humwita Babu, naye huitika.

Zamani Babu Asajile alikuwa anakuja kila Jumapili. Alivaa kofia yake ya kahawia. Aligonga mlango wa kijani kwa fimbo, ko, ko, ko. Alikunywa chai na kumtania Baba.

Wakati huo Bibi Sekela alikuwepo. Bibi Sekela alikuwa mke wa Babu.

Sasa Bibi Sekela hayupo. Alifariki. Watu wote walilia, na Bupe pia alilia.

Tangu siku ile, Babu haji tena Jumapili. Kofia yake ya kahawia imo sandukuni.

Jumamosi moja asubuhi, Mama alimtuma Bupe apeleke maziwa kwa Babu.

"Hodi, Babu! Shikamoo!"

"Marahaba, Bupe. Karibu. Weka hapo mezani, usimwage."

Jiko la Babu lina kuta nyeusi. Ni moshi wa miaka mingi.

Lakini karibu na mlango, ukutani, kuna duara moja jeupe. Ni jeupe kama mwezi. Juu ya duara kuna msumari, na msumari hauna kitu.

"Babu, hapa palikuwa na nini?"

"Sahani," alisema Babu.

"Iko wapi?"

Babu alitazama duara. Akanywa chai, funda moja.

"Iko safarini," alisema.

Bupe alirudi nyumbani akiwaza. Alipita ua akiwaza. Aliruka dimbwi akiwaza. Chubwi! Hakuliruka vizuri.

Nyumbani, juu ya kabati, kulikuwa na sahani ya bati. Ilikuwa ya bluu. Ilikuwa pana, na ukingo wake ulikuwa na mikunjo kama sketi. Sehemu moja rangi ilikuwa imebanduka. Palibaki alama nyeusi, ndogo kama mbegu ya papai.

"Baba! Sahani ile ni ya nani?"

Baba alitazama juu. 

"Ni ya Bibi Sekela," alisema. "Ulipougua homa, alikuletea kishi. Unakumbuka?"

Bupe alikumbuka!

Kishi ni pai ya mayai na mboga. Chini ina ganda la unga, kavu kama biskuti. Juu ina mayai, laini kama mto wa kulalia. Ndani ina karoti na spinachi na jibini. Bibi Sekela alifundishwa kuipika alipokuwa msichana. Aliyemfundisha alikuwa mtawa kutoka Ufaransa.

"Mbona hatukuirudisha sahani?"

Baba alikuna kichwa.

"Bibi alifariki kabla hatujairudisha. Baadaye, kila nilipoishika, sikujua niweke nini ndani."

Bupe alielewa. Hata mtoto wa miaka sita anajua jambo hili.

Sahani ya jirani hairudi tupu.
Ikija na kitu, irudi na kitu.

"Ilikuja na kishi," alisema Bupe. "Basi irudi na kishi."

"Kishi! Mimi sijui kupika kishi. Mimi ni fundi wa chapati."

"Mimi nilimwona Bibi akipika. Mara nyingi!"

"Unakumbuka kila kitu?"

Bupe alifikiri.

"Nakumbuka wimbo," alisema.

Moto chini, moto juu,
katikati kuna kitu.

"Wimbo peke yake hauivi," alisema Baba. Lakini alikuwa anakunja mikono ya shati.

Mama alikuwa ameshaondoka kwenda sokoni, na angerudi jioni. Kwenye kikapu kulikuwa na mayai sita. Kwenye bustani kulikuwa na karoti na spinachi. Kabatini kulikuwa na siagi, na kipande cha jibini.

Bupe alitaka jambo moja. Alitaka sahani ya bluu irudi kwenye duara lake jeupe. Labda Babu angefurahi. Labda angetoa kofia yake sandukuni.

Baba alimimina unga kwenye beseni. Akaweka siagi. Akaweka chumvi. Akamwaga maji ya moto kidogo, kama anavyofanya siku zote.

Kisha akaupiga unga.

Pu! Pa! Pu! Pa!

"Unga mzuri ni unga uliopigwa," alisema Baba.

Pu! Pa! Pu! Pa! Beseni lilicheza juu ya meza.

Baba aliusukuma unga kwenye kibao cha chapati. Ukawa duara zuri. Akautandaza kwenye sahani ya bluu.

Bupe alivunja mayai. Ta! Ta! Ta! Mayai matatu.

Akayakoroga na maziwa. Chaka, chaka, chaka.

Baba alikata karoti na spinachi. Wakaziweka mbichi juu ya unga. Wakanyunyiza nusu ya jibini. Wakamwaga mayai juu yake.

Kibandani nje, jiko la mkaa lilikuwa linawaka. Baba aliweka sufuria kubwa yenye mchanga mkavu. Juu ya mchanga akaweka sahani ya bluu. Akafunika. Juu ya mfuniko akapanga makaa ya moto, moja moja, kwa koleo.

Bupe aliimba.

Moto chini, moto juu,
katikati kuna kitu.

Wakangoja. Wakangoja tena. Baba akafunua.

Lo!

Unga ulikuwa umekimbia kutoka kwenye kingo. Umejikunja katikati ya sahani, kama mtoto anayesikia baridi. Mayai yalikuwa yamepita chini yake. Na juu, mboga zilikuwa zinaogelea kwenye maji.

"Hii si kishi," alisema Bupe.

"Hapana," alisema Baba.

"Ni nini?"

Baba aliitazama vizuri, upande huu na upande ule.

"Ni chapati iliyooga," alisema.

Bupe alicheka. Walichukua vijiko, wakaila yote, maana ilikuwa na mayai na jibini. Haikuwa mbaya.

Lakini sahani ilipobaki tupu, Bupe aliacha kucheka. Machozi mawili yalitoka.

"Babu hawezi kupelekewa chapati iliyooga."

"Hawezi," alisema Baba. Alimfuta machozi kwa kidole chenye unga. Pua ya Bupe ikawa nyeupe.

"Mayai yamebaki matatu," alisema Baba. "Tunaweza kujaribu mara moja tu. Nani anajua Bibi alifanyaje?"

Bupe alitazama ua. Baba naye alitazama ua.

"Nenda," alisema Baba. "Lakini usimwambie."

Babu Asajile alikuwa amekaa mlangoni kwake, anachambua maharage. Mazuri aliyatia kwenye bakuli. Mabovu aliwatupia kuku.

"Babu, naomba kuuliza. Nauliza tu."

"Uliza tu."

"Bibi alikuwa anapigaje unga wa... wa kitu fulani?"

"Kitu gani?"

"Kitu tu."

Babu alitazama pua ya Bupe. Ilikuwa nyeupe kama duara la ukutani. Hakusema lolote kuhusu pua.

"Alikuwa hapigi," alisema Babu. "Mimi nilikuwa naongea naongea jikoni. Yeye ananiambia, shh! Unga umelala."

"Unga unalala?"

"Huo unalala. Unga wa chapati unapenda michezo. Unga huo mwingine ni mtoto mchanga. Unaushika kidogo, kwa mikono ya baridi. Unaufunika. Unauacha."

"Unauacha mpaka lini?"

"Mimi nilikuwa napewa bakuli la maharage. Nikimaliza kuyachambua, naruhusiwa kuongea tena."

Babu akacheka. He! Kilikuwa kicheko kifupi. Lakini Bupe alikuwa hajakisikia siku nyingi.

"Halafu maharage yenyewe yana kazi," alisema Babu. "Unatandaza karatasi juu ya unga. Unayamwaga hapo. Yanaulalia unga, usijikunje ukianza kuiva. Kisha unayatoa."

"Na mboga, Babu?"

"Mboga zina machozi. Zilie kwanza kwenye kikaango. Zikimaliza kulia, ndipo ziingie kwenye mayai."

"Asante, Babu. Nilikuwa nauliza tu."

"Najua. Na mimi nilikuwa najibu tu."

Bupe alianza kuondoka.

"Bupe," Babu aliita. Akamjazia bakuli. "Chukua na maharage haya. Hayajachambuliwa."

Bupe alikimbia. Safari hii aliliruka dimbwi vizuri.

"Baba! Unga unalala!"

"Unafanya nini?"

"Unalala! Nawa mikono!"

Walinawa kwa maji ya mvua kutoka kwenye pipa.

"Brr!" alisema Bupe.

"Brr! Brr!" alisema Baba.

Waliweka unga na siagi kwenye beseni. Wakasugua kwa ncha za vidole, polepole, mpaka ukawa kama mchanga wa mtoni. Wakaweka maji baridi, vijiko vitatu. Unga ukashikana.

Mikono ya Baba ilianza kuinuka.

"Baba!"

"Sijafanya kitu."

"Umekunja ngumi."

Baba alitazama ngumi yake. Akaikunjua.

Wakaufunika unga kwa kitambaa chenye unyevu.

"Sasa?" aliuliza Baba.

Bupe aliweka kidole mdomoni.

Shh. Unga umelala.

Walikaa chini, wakachambua maharage ya Babu. Tik, lilianguka harage. Tik. Tik. Hakuna aliyeongea.

Kuku aliingia jikoni. Alipanua mdomo.

"Te, te, te, te, teeei!"

"Shh!" alisema Bupe.

"Shh!" alisema Baba.

Kuku alimtazama Bupe. Akamtazama Baba. Akatoka nje kwa miguu ya taratibu.

Tik, tik, tik. Harage la mwisho.

Unga ulikuwa umeamka vizuri. Baba aliusukuma polepole, akautandaza kwenye sahani ya bluu. Akauchomachoma kwa uma. Bupe aliweka karatasi. Akamwaga maharage, shhhaa. Unga ukapata blanketi la maharage.

Wakauweka motoni kidogo, kisha wakayatoa maharage na karatasi.

Unga haukukimbia. Ulikuwa umesimama wima kwenye kingo, mkunjo kwa mkunjo, kama sketi ya sahani.

Baba akaweka mboga kwenye kikaango chenye siagi.

Chwaaaa! Mboga zililia. Mvuke ulipanda. Chwaaa. Zikalia kidogo. Chwa. Zikanyamaza.

"Zimemaliza," alisema Bupe.

Baba aliinama, akategesha sikio.

"Karoti moja bado," alisema.

Wakaingoja.

Kisha mboga ziliingia kwenye sahani. Ikaingia nusu ya jibini iliyobaki. Bupe alivunja mayai ya mwisho. Ta. Ta. Ta. Alivunja kwa uangalifu zaidi kuliko siku zote za maisha yake. Chaka, chaka, chaka. Akamimina, na hakumwaga hata tone.

Sahani ikaingia kwenye sufuria. Mfuniko ukawekwa. Makaa yakapangwa.

Moto chini, moto juu,
katikati kuna kitu.

Ndipo mvua ikaja.

Tii, tii, tii.

Bati la kibanda lilikuwa na tundu. Tundu lilikuwa juu ya sufuria kabisa. Tone lilianguka kwenye makaa.

Chss!

Tone lingine. Chss! Kaa moja likawa jeusi.

"Moto wa juu unazimika!" alilia Bupe.

Baba alikimbia ndani. Akarudi na mwavuli wa Mama, ule wenye maua mekundu. Akaufungua juu ya sufuria.

Sasa sufuria ilikuwa kavu. Lakini mgongo wa Baba ulikuwa nje ya mwavuli.

Tii, tii, tii, mvua ilimnyeshea Baba mgongoni.

Kichwa kilitokea juu ya ua. Kilikuwa kichwa cha Babu Asajile.

"Baba Bupe! Siku hizi sufuria inaogopa mvua?"

"Inaogopa mafua, mzee wangu!"

"Na wewe?"

"Mimi nimezoea!"

Babu alitaka kusema jambo lingine la kumtania. Lakini harufu ilipita juu ya ua. Ilikuwa harufu ya siagi na jibini.

Babu alivuta pumzi. 

Kisha akasema, taratibu, "Msifunue. Hata mkitamani sana. Mkifunua, majivu yanaingia."

Kichwa kikaondoka.

Bupe alitamani sana kufunua. Alikalia mikono yake miwili. Akaimba wimbo mara moja. Akaimba mara tano. Akaimba mara kumi.

Moto chini, moto juu,
katikati kuna kitu.

Mvua iliacha. Baba alifunga mwavuli. Akatoa makaa, moja moja. Akapuliza majivu, fuu, fuu. Akainua mfuniko, polepole, polepole.

Kishi!

Ilikuwa ya dhahabu. Ilikuwa imevimba kidogo, kama shavu la mtoto aliyelala. Karoti zilichungulia hapa na pale. Baba aliitikisa sahani, na katikati kukatetemeka kidogo tu.

Bupe hakupiga kelele. Alimshika Baba mkono, akaukaza.

Mama alirudi kutoka sokoni. Alisimama mlangoni. Aliona unga mezani. Aliona unga sakafuni. Aliona unga kwenye kuku.

"Nani kapigana na nani humu ndani?"

"Hakuna aliyepigana, Mama. Unga ulilala."

"Ulilala kila mahali, naona. Na wewe, Baba Bupe, mbona mgongo umelowa?"

"Nilikuwa nimeishikia sufuria mwavuli."

Mama alifungua kinywa kuuliza tena. Kisha akaiona sahani ya bluu. Akafunga kinywa.

Akachukua kitambaa cheupe, kile cha wageni. Akaifunika kishi vizuri.

"Twendeni wote," alisema.

Bupe aliibeba sahani mwenyewe, kwa mikono miwili. Safari hii hakuruka dimbwi. Alilizunguka.

"Hodi!"

"Karibuni, karibuni!"

Babu Asajile alikuwa amevaa shati safi. Juu ya meza palikuwa na sahani ndogo nne, na uma nne.

"Babu, sahani hizi zote za nini?"

"Nilikuwa nazipangusa tu," alisema Babu.

Bupe alinyoosha mikono yake.

"Babu," alisema, "sahani yako imerudi kutoka safarini."

Babu aliipokea. Alifunua kitambaa. Alitazama kishi muda mrefu. Kidole gumba chake kilitafuta ile alama nyeusi, ndogo kama mbegu ya papai. Kikaipata.

"Imerudi," alisema.

Mama aliikata. Krii, lilisema ganda. Kila mtu akapata kipande.

Babu alitafuna polepole. Bupe hakula. Baba hakula. Mama hakula. Wote walimtazama Babu.

"Chumvi?" aliuliza Baba.

"Ipo."

"Mboga?"

"Zililia zikamaliza."

"Na unga?" aliuliza Bupe, kwa sauti ndogo sana.

Babu aliweka uma chini.

"Unga," alisema, "ulilala vizuri."

Bupe aliruka. Baba aliruka. Sahani ndogo nne ziliruka mezani, tang!

"Bibi angesema nini, Babu?"

Babu alifikiri.

"Angesema karoti zimekatwa kubwa mno. Kisha angekula vipande viwili."

Baba, aliyekata karoti, alitazama dari. Wote wakacheka, na Babu akacheka kuliko wote. He! He! He! Halafu akala vipande vitatu.

Walipomaliza, Bupe aliosha sahani ya bluu. Akaikausha. Akaipeleka ukutani, kwenye duara jeupe. Lakini msumari ulikuwa juu, na mkono wake ulikuwa mfupi.

"Iache mezani," alisema Babu. "Nitaitundika mwenyewe."

Usiku huo Bupe alilala akiiona akilini. Bluu juu ya nyeupe. Duara limejaa.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Jioni, Mama alikuwa anachemsha chai.

Ko, ko, ko.

Bupe aliacha kutafuna chapati yake. Aliujua mlio huo.

Ko, ko, ko. "Hodi hapa! Au sufuria ina mgonjwa, haipokei wageni?"

Bupe alifungua mlango wa kijani.

Alikuwa Babu Asajile. Kichwani alikuwa na kofia yake ya kahawia. Mkononi alikuwa na sahani ya bluu. Na juu ya sahani palikuwa na kitambaa cheupe.

"Babu! Umeitoa ukutani?"

"Sikuitundika."

"Lakini duara lako litabaki tupu!"

"Nilijaribu," alisema Babu. "Niliishika pale ukutani. Nikaitazama. Nikaona inatazama mlango. Sahani hii haipendi kukaa, Bupe. Inapenda njia."

"Na msumari?"

"Msumari nimeupa kofia yangu. Imetoka sandukuni. Inakaa pale."

Bupe alitazama juu.

"Lakini kofia umeivaa."

"Ndiyo," alisema Babu. "Nimeivaa. Msumari ule hautulii na kitu."

Bupe alifunua kitambaa. Ndani ya sahani kulikuwa na mayai. Moja, mawili, matatu, manne, matano, sita.

"Sita! Babu, ulijuaje tulitumia sita?"

"Asubuhi nilisikia ta, ta, ta. Mchana nikasikia tena ta, ta, ta. Mimi mzee, lakini masikio bado yanafanya kazi."

"Kumbe ulijua siku nzima!"

"Nilikuwa nasikia tu," alisema Babu.

Na kwa pamoja, Babu na Bupe walisema,

Sahani ya jirani hairudi tupu.
Ikija na kitu, irudi na kitu.

Babu alikunywa chai, vikombe viwili. Alimtania Baba mpaka chai ikampalia.

Kisha giza likaingia, na Babu akavaa kofia yake, akaenda zake. "Jumapili ijayo," alisema, na hakuuliza.

Bupe alipanda kitandani. Mvua ya kumalizia siku ilikuwa imeanza.

Tii, tii, tii.

"Mama, sahani iko wapi?"

"Juu ya kabati."

"Isikae sana."

"Haitakaa."

"Mayai sita yanatosha kishi ngapi?"

"Mbili. Yetu na ya Babu."

"Karoti zikatwe ndogo," alisema Bupe. Macho yalikuwa yanajifunga.

Baba aliingia kutoka kuosha vikombe. Mikono yake ilikuwa ya baridi. Alivuta blanketi polepole, akamfunika Bupe hadi kidevuni.

"Bupe," alisema, "hivi, wimbo ule..."

Mama aliweka kidole mdomoni.

"Shh," alisema. "Unga umelala."